Santiago Ramón y Cajal na Njia ya Jicho la Ndege: Maisha ya Mtaalamu Aliyeandika kwa Lugha Isiyosomwa

Utangulizi

Yeyote aliyewahi kupita Kariobangi, mashariki mwa jiji la Nairobi, bila shaka amewaona kuku wakichakura kando ya vibanda huku mwewe wakizunguka angani. Kuku anapohisi kivuli cha mwewe hainui uso wote kutazama juu kama afanyavyo binadamu. Huinamisha kichwa upande, akaelekeza jicho moja mbinguni, kisha akakimbilia uvunguni pamoja na vifaranga wake. Tendo zima halichukui ila muda mchache mno. Hata hivyo, katika muda huo ujumbe umeingia jichoni, umesafiri hadi ubongoni, umepimwa, na amri imeteremka miguuni. Ujumbe huo hupita njia gani? Na hupokezanwa vipi kutoka seli moja hadi nyingine?

Mtu aliyetufungulia njia hiyo alikuwa Mhispania aliyeitwa Santiago Ramón y Cajal. Alizaliwa mwaka 1852, akafariki mwaka 1934. Wanabiolojia humhesabu kuwa mwasisi wa sayansi ya sasa ya ubongo, na sehemu kubwa ya kazi iliyompatia sifa hiyo ilianza kwa ubongo na macho ya ndege. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini maisha ya bwana huyu yasimuliwe katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba Cajal alifanya uvumbuzi wake katika nchi ambayo haikutarajiwa kutoa wanasayansi, na akauandika kwa lugha ambayo wanasayansi wa zama zake hawakuisoma. Mkasa uliompata kwa sababu hiyo unatuhusu. Makala haya yananuia kusimulia maisha yake, kueleza kile alichokiona, na kuchunguza maisha hayo yana funzo gani kwa wapenzi wa Kiswahili.

Utoto na malezi

Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania. Baba yake, Don Justo Ramón, alikuwa mpasuaji aliyejiinua kutoka ufukara kwa jitihada zake mwenyewe, na kwa sababu hiyo hakuwa na subira na mtoto mvivu. Mama yake aliitwa Antonia Cajal. Familia ilihamahama kutoka kijiji hadi kijiji kwa ajili ya kazi ya baba, hadi ilipotua katika mji mdogo wa Ayerbe mwaka 1860.

Santiago alikuwa mtoto mtundu kupindukia. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, aliunda mzinga wake mwenyewe akaufyatua na kulibomoa lango la jirani, kosa lililomtia korokoroni kwa siku kadhaa. Shuleni alichapwa na kunyimwa chakula kwa kushindwa kukariri Kilatini. Jambo moja tu lilimshika moyo, nalo ni kuchora. Alichora kwenye karatasi, kwenye kuta na popote penye nafasi. Baba yake aliiona sanaa hiyo kuwa njia ya mkato ya kuelekea kwenye umaskini, akaamua kumkomesha. Alimtoa shuleni, akampeleka kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu.

Aghalabu wasimulizi wa maisha ya Cajal huipitia haraka miezi hiyo ya uanagenzi, kana kwamba ilikuwa adhabu tu. Mwandishi wa makala haya anaiona kwa jicho jingine. Anayewajua mafundi wa eneo la viwanda vidogo la Kariobangi, wanaokata na kuchomelea chuma tangu asubuhi, anaelewa kwamba mkono uliofunzwa kazi una elimu yake. Kijana aliyejifunza kukata ngozi na kupitisha uzi bila kuharibu ndiye baadaye aliyekata ubongo wa kifaranga vipande vyembamba sana kwa wembe, na kuvipaka rangi pasipo kuviharibu.

Hatimaye baba na mwana walipatana kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1868 Don Justo alimchukua mwanawe makaburini kutafuta mifupa ya kale, akaanza kumfundisha anatomia. Santiago aligundua kwamba mfupa ni kitu cha kuchorwa. Kuanzia hapo uchoraji na uganga, vitu viwili vilivyokuwa vikigombana nyumbani mwao, vikawa kitu kimoja.

Uganga, vita na maradhi

Cajal alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Zaragoza mwaka 1873. Punde si punde aliandikishwa jeshini, na mwaka 1874 akapelekwa Kuba, ambako Uhispania ilikuwa ikipigana na wenyeji waliodai uhuru wao. Huko alikabidhiwa wagonjwa katika kituo kilichozungukwa na vinamasi. Malaria ilimshika, kisha kuhara damu, hata akarejeshwa nyumbani mwaka 1875 akiwa amekonda na kudhoofika. Tukumbuke basi kwamba mwanasayansi huyu aliwahi kuwa askari wa dola lililokuwa likitawala watu wengine. Dola hilo hilo, pamoja na makoloni yake yote, lilikuwa limeachwa nyuma kielimu na majirani zake wa Ujerumani, Ufaransa na Uingereza.

Mwaka 1877, alipokwenda Madrid kufanya mtihani wa shahada ya uzamifu, alionyeshwa vipande vya mwili chini ya hadubini. Alirudi nyumbani akiwa na azma mpya, akatumia akiba aliyoipata jeshini kujinunulia hadubini yake. Mwaka uliofuata alianza kutema damu kwa ugonjwa wa mapafu, na kwa muda alidhani siku zake zimehesabika. Alipopona alimwoa Silveria Fañanás mwaka 1879. Mwanamke huyu alilea watoto na kuendesha nyumba kwa mshahara mdogo ambao sehemu yake kubwa ilimezwa na kemikali, vioo na karatasi. Wahispania waliomjua walizoea kukiri kwamba nusu ya mafanikio ya Cajal ni ya mkewe.

Cajal alipata uprofesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Valencia mwishoni mwa mwaka 1883. Mwaka 1885 kipindupindu kiliposhambulia eneo hilo, alikatiza kazi yake akaichunguza bakteria ya ugonjwa huo kwa niaba ya serikali ya mkoa wa Zaragoza. Wakuu wa mkoa walimshukuru kwa kumpa hadubini mpya ya kampuni ya Zeiss, chombo bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kwa mara ya kwanza alikuwa na jicho sawa na la wenzake wa Ujerumani.

Uzi mweusi katika mkeka

Katika miaka hiyo wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekwama. Walifahamu kwamba mwili umejengwa kwa seli, lakini ubongo uliwashinda. Walipoutazama waliona msongamano wa nyuzi usio na mwanzo wala mwisho. Wengi waliamini kwamba nyuzi hizo zote zimeungana na kuwa wavu mmoja, usio na seli huru ndani yake.

Mwaka 1873 Mwitalia Camillo Golgi alikuwa amevumbua njia ya kuupaka ubongo rangi kwa kutumia daikromati ya potasiamu na nitrati ya fedha. Ajabu ya njia hiyo ni kwamba haikupaka seli zote. Ilichagua chache tu, ikazitia weusi kuanzia kiini hadi ncha ya tawi la mwisho, na kuziacha nyingine zote bila rangi. Hata hivyo ilikuwa njia yenye kigeugeu, na wataalamu wengi waliipuuza. Golgi mwenyewe aliitumia na bado akaendelea kuuamini ule wavu. Cajal aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1887 nyumbani kwa daktari Luis Simarro jijini Madrid. Mwaka huo huo alihamia Chuo Kikuu cha Barcelona, na hapo akaishika kazi hiyo kwa mikono miwili.

Alifanya mabadiliko mawili. Kwanza, aliurudia utaratibu wa kupaka rangi mara mbili ili seli zishike weusi vizuri. Pili, na hili ndilo lililokuwa kubwa zaidi, aliacha ubongo wa mnyama mzima akachagua viinitete na makinda, hususan ya ndege. Katika umri huo nyuzi za neva zingali fupi, na nyingi hazijavikwa utando wa mafuta unaozuia rangi. Anayetaka kuufuata mwaa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho hufanya vyema kuutazama wakati ukili ungali unasukwa, kabla mkeka haujashonwa. Cajal aliutazama ubongo ungali ukili.

Ndege walimfaa kwa sababu nyingine pia. Ndege ni kiumbe wa macho. Jicho lake ni kubwa likilinganishwa na kichwa, na sehemu ya ubongo wake inayopokea habari za macho, ambayo tutaiita pande la kuonea, imetuna kila upande na kupangwa kwa matabaka yanayoonekana waziwazi.

Tarehe 1 Mei 1888, siku alipotimiza miaka 36, Cajal alitoa toleo la kwanza la jarida lake mwenyewe la histolojia. Hapakuwa na jarida nchini lililoweza kumchapishia kwa kasi aliyoitaka, hivyo akalipia uchapishaji kutoka mfukoni mwake. Nakala zilizochapishwa zilikuwa 60 tu, na nyingi kati ya hizo alizituma kwa wataalamu wa nchi za nje. Makala ya kwanza ilihusu muundo wa ubongo wa ndege. Humo alieleza kwamba katika serebelamu, yaani ubongo mdogo wa nyuma, kuna seli ambazo mikia yake huizingira seli nyingine mfano wa kikapu, ikaigusa kwa karibu sana, lakini isiungane nayo. Mwaka huo huo aligeukia retina ya ndege, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, akakuta hali ni ile ile. Kila seli ilikuwa na mwanzo na mwisho wake. Wavu uliokuwa ukiaminiwa haukuwepo. Kulikuwa na seli zilizosimama kama majirani wanaopokezana kitu juu ya ua, kila mmoja akiwa katika kiwanja chake.

Jicho lilimpa pia jambo la pili ambalo serebelamu isingeweza kumwonyesha kwa urahisi kama huo. Katika jicho tunajua mwanga unaanzia wapi na habari inaelekea wapi. Kwa hiyo Cajal aliweza kutambua kwamba ujumbe huingilia matawi ya seli na kutokea mkiani. Kutokana na retina na pande la kuonea alijenga kanuni yake ya mwelekeo, na akaanza kuchora mishale kwenye michoro yake ili kuonyesha ujumbe unakopita. Isitoshe, aliona katika retina ya ndege nyuzi zilizokwenda kinyume, zikitoka ubongoni kuja jichoni. Kumbe ubongo haungoji tu kuambiwa na jicho, bali nao huliambia jicho kitu. Mwaka 1963 W. Maxwell Cowan, mzaliwa wa Johannesburg, pamoja na T. P. S. Powell, walizichunguza nyuzi hizo katika njiwa na kuzieleza kwa kina.

Lugha isiyosomwa

Cajal alingoja majibu. Hayakuja. Alikuwa ameandika kwa Kihispania, na maprofesa wa Berlin, Paris na London hawakukisoma Kihispania, wala hawakuona haja ya kukisoma. Wachache walioyapitia maandishi yake waliyashuku, kwa kuwa haikuwaingia akilini kwamba jambo lililowashinda wao lingetatuliwa Barcelona. Hivyo uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya ubongo ulikaa katika nakala 60 ambazo hazikupata msomaji.

Mtu mwingine angekata tamaa, au angeikana lugha yake. Cajal hakufanya lolote kati ya hayo. Alitafsiri baadhi ya makala zake kwa Kifaransa ili zipate kuchapishwa nje. Kisha, mnamo Oktoba 1889, alikusanya akiba yake, akafungasha hadubini yake ya Zeiss pamoja na vipande vyake bora, akapanda gari moshi kwenda Berlin kuhudhuria mkutano wa Jumuiya ya Anatomia ya Ujerumani. Kijerumani hakukisema, na Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha. Aliweka hadubini mezani karibu na mwanga, akaanza kuwaita wapitao njia watazame.

Miongoni mwa waliotazama alikuwamo Albert von Kölliker wa Würzburg, mzee wa miaka 72 na mmoja wa wakuu wa histolojia duniani. Kölliker aliinama, akaona, na akainuka akiwa amesadiki. Alimchukua Mhispania huyo katika gari lake la farasi, akamkaribisha chakulani na kumjulisha kwa wenzake. Aliporudi kwao alizirudia kazi za Cajal yeye mwenyewe, akaachana na msimamo wake wa awali kuhusu wavu. Zaidi ya yote, alijifunza Kihispania katika uzee wake ili ayasome maandishi ya Cajal.

Hata hivyo, kisa hiki kina upande wa pili ambao haufai kufichwa. Mwaka 1891 Wilhelm von Waldeyer wa Berlin aliandika kwa Kijerumani muhtasari wa uvumbuzi wa Cajal na wenzake, akaipa seli ya neva jina la nyuroni. Waldeyer hakuwa mvumbuzi wa jambo lenyewe. Lakini jina alilolitoa ndilo lililoshika, kwa sababu alilitoa katika lugha iliyokuwa ikisomwa. Mchimba kisima alikuwa Barcelona, na aliyekipa jina alikuwa Berlin.

Heshima na ugomvi

Mwaka 1892 Cajal alihamia Chuo Kikuu cha Madrid. Mwaka 1894 alialikwa London kutoa mhadhara mbele ya Jumuiya ya Kifalme, na huko alikuwa mgeni nyumbani kwa Charles Sherrington. Miaka mitatu baadaye Sherrington ndiye aliyeupa jina la sinapsi mpaka ule ambapo seli moja hukutana na nyingine bila kuungana. Kitabu kikuu cha Cajal kuhusu mfumo wa neva wa binadamu na wanyama wenye uti wa mgongo kilitolewa kwa Kihispania kati ya 1899 na 1904. Mhadhara aliotoa mwaka 1897 ulikuja kuwa kitabu cha mawaidha kwa watafiti vijana, nao ulisisitiza kwamba nia na subira humfikisha mtu mbali kuliko kipaji. Alikuwa pia mpiga picha hodari, na wanafasihi wapendezwe kusikia kwamba aliandika hadithi fupi na tawasifu ndefu.

Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Golgi. Jumba la Stockholm lilishuhudia jambo la ajabu. Golgi alisimama kutoa hotuba yake, akaitumia kuushambulia msimamo wa kwamba nyuroni ni seli huru, ilhali mwenye msimamo huo alikuwa ameketi pale pale akishiriki naye tuzo. Cajal alipopewa nafasi yake alijibu kwa kueleza ushahidi, na hakusita kumtaja Golgi kwa heshima. Bila rangi ya Golgi, Cajal asingeona kitu. Lakini Golgi aliishi na rangi hiyo miaka mingi asione kile ambacho Cajal alikiona.

Cajal naye hakuwa mkamilifu. Alishikilia kwamba ubongo wa aliyekomaa hauwezi kuzaa nyuroni mpya, na uzito wa jina lake uliifanya kauli hiyo ikubalike kwa miongo mingi. Mwaka 1983 Steven Goldman na Fernando Nottebohm walionyesha kwamba nyuroni mpya huzaliwa katika ubongo wa chiriku waliokomaa. Ndege waliompandisha ndio hao hao waliokuja kumsahihisha.

Alistaafu uprofesa mwaka 1922. Silveria alimtangulia mwaka 1930. Yeye alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934. Mwaka 2017 hifadhi ya michoro na nyaraka zake na za wanafunzi wake iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kilichomo katika mwanya

Cajal aliona kwamba seli hazijaungana, na kwamba kuna mwanya kati yao. Jambo ambalo hakuweza kuliona ni kile kinachovuka mwanya huo. Hadubini ya elektroni iliuthibitisha mwanya wenyewe katika miaka ya 1950, na mwaka 1950 huo huo kemikali iitwayo GABA ilitambuliwa ndani ya ubongo. Baadaye ilibainika kwamba wapokezi wakuu wa ujumbe katika njia ya macho ni kemikali za jamii ya asidi amino, jamii ile ile inayojenga protini za maharagwe na nyama tunazokula. Kuu kati yao ni glutamati, ambayo huichochea seli ipeleke ujumbe. Chumvi ya glutamati ndiyo inayotiwa kwenye vikolezo vya mchuzi jikoni. GABA hutengenezwa kutokana na glutamati hiyo hiyo kwa kuondolewa kipande kimoja kidogo, na kazi yake ni kinyume, yaani kuizuia seli. Glisini nayo ni mzuiaji. Kwa hiyo mzazi husema nenda, na mtoto wake husema ngoja. Kuona kwa ndege kunategemea mizani ya kauli hizo mbili.

Sasa turudi kwa kuku wetu wa Kariobangi. Seli zinazopokea mwanga katika retina yake humimina glutamati kwa wingi gizani na kuipunguza kwenye mwanga. Kwa hiyo kivuli cha mwewe kinapopita huongeza umiminaji huo. Seli za kati huupokea ujumbe, huku zile ambazo Cajal aliziita amakrini, kwa kuwa hazina mkia mrefu, zikitumia GABA na glisini kupunguza yasiyo ya lazima. Seli za mwisho za retina hupeleka mikia yao nje ya jicho. Katika ndege karibu mikia yote huvuka, ya jicho la kulia ikaenda upande wa kushoto wa ubongo, na ya kushoto ikaenda kulia. Katika pande la kuonea mikia hiyo humimina glutamati tena. Hapo, hata hivyo, kuna habari nyingi kwa wakati mmoja: punje ya mahindi, mguu wa mpita njia, kivuli. Kundi dogo la nyuroni lililo jirani hutumia GABA kuzinyamazisha habari hafifu ili ile kubwa ibaki. Punje husahauliwa, mwewe akabaki. Uchunguzi wa vifaranga umeonyesha pia kwamba jicho la kushoto huwa jepesi zaidi kumgundua adui, ilhali la kulia hubobea katika kuibagua nafaka na changarawe. Kuku anapoinamisha kichwa, basi, anachagua jicho, na kwa kuchagua jicho anachagua upande wa ubongo.

Funzo kwa wapenzi wa Kiswahili

Maelezo yaliyotangulia yameandikwa kwa Kiswahili, na msomaji ndiye mwamuzi wa iwapo yameeleweka. Mtoto wa Kariobangi anayemwona kuku akiinamisha kichwa ataliuliza swali lake kwa Kiswahili, au kwa Sheng, au kwa lugha ya mama. Darasani atajibiwa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini sayansi haijahamia huko. Hata Tanzania, ambako TUKI ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, masomo ya sayansi katika shule za sekondari yameendelea kufundishwa kwa Kiingereza.

Wapo watakaoyasoma maisha ya Cajal na kuhitimisha kwamba tuandike kwa lugha yetu tu, ulimwengu utajifunza kuisoma. Hitimisho hilo ni jepesi mno. Wazee kama Kölliker ni nadra. Nakala 60 zilikuwa zimelala kabla hadubini haijafika Berlin. Wengine watahitimisha kinyume, kwamba Cajal alishinda pale tu alipoiacha lugha yake. Hilo nalo si kweli. Alirudi kwao akaendelea kuandika kitabu chake kikuu kwa Kihispania, akawalea wanafunzi kwa Kihispania, na kutokana nao ikazuka shule nzima ya wataalamu wa ubongo.

Kwa maoni ya mwandishi, Cajal alifanya kazi mbili bila kuibadilisha moja kwa nyingine. Alifikiri, akachora na kuandika kwanza nyumbani, kwa lugha yake, katika jarida alilolilipia mwenyewe. Kisha akabeba ushahidi wake akaenda nao walikokuwa wasomaji. Kama asingekuwa na jarida lile dogo, asingekuwa na kitu cha kubeba. Na kama asingesafiri, asingesikika. Aidha, kisa cha jina la nyuroni kinatuonya kwamba asiyeandika huandikiwa. Istilahi hazipatikani kwa vikao vya kamati peke yake. Hupatikana pale mtu anapokuwa na jambo la kueleza na kulazimika kulitafutia neno.

Hitimisho

Maisha ya Santiago Ramón y Cajal yalianza katika kijiji kidogo, yakapitia kibanda cha mshona viatu, vinamasi vya Kuba na ugonjwa wa mapafu, hadi yakafika kwenye ubongo wa kinda la ndege. Alichokiona huko ni kwamba seli za ubongo hazijashonwa pamoja. Kila moja imesimama peke yake, na uhai wote wa fikira hutegemea kile kinachopokezanwa katika mwanya ulio baina yao.

Majarida ya wanafunzi wa Kiswahili nayo ni madogo, na mara nyingi nakala zake hazizidi sana zile 60 za Barcelona. Udogo huo si sababu ya kuyadharau wala ya kuyaandika kwa ulegevu. Kuku wangali wakichakura Kariobangi, na swali la yule mtoto lingali halijajibiwa kwa lugha aliyoliulizia. Ni wajibu wetu, wanafunzi na wahadhiri, kulijibu kwa usahihi, na tukishalijibu tuwe tayari kulibeba jibu hilo hadi mahali ambapo litasomwa.